Kisigino Kwenye Zulia

Gari lilipanda kutoka Malaba na karatasi zake za Kijapani,
Nissan Zed ya rangi ya fedha, viti viwili,
mgongo kama wa chura aliyekaribia kuruka.
Mpwa wangu Arineitwe alilinunua kwa hela za viazi vya misimu minne,
kisha akaogopa kulikalia.
"Shangazi, dereva ni wewe."

Kando ya gia kuna kitufe chenye herufi moja, S.
Ukikibonyeza, ukakanyaga klachi, ukarudi kutoka nne hadi tatu,
injini hujikohoza yenyewe, vruum, mara moja tu,
mizunguko ikapanda hadi pale gia inapoingojea,
na meno yakakutana na meno
kama watu waliosalimiana jana.
Bilauri ya obushera wa mtama ingekaa kwenye dashibodi
bila kumwaga tone.

Mimi nilifundishwa vingine.
Baba, Zefania Tibesigwa, wa lori la saruji siku za juma
na wa mashindano Jumapili,
alikuwa na Datsun isiyo na mlango wa abiria.
Aliniketisha juu ya gunia la maharage, nina miaka kumi na mitano,
akanivua viatu.
"Kidole gumba kwenye breki. Kisigino kwenye mafuta.
Mkono wa kushoto usiulize, utende.
Gia ya chini ina mbio kuliko ya juu:
ipandishie injini kwanza, ndipo uifungulie mlango."
Nilikosa. Datsun ikapiga chafya, ikaniuma shingo.
Nilikosa mwezi mzima. Giaboksi ilisaga kama jiwe la mtama
mpaka majirani kule Muko wakajua saa yangu ya masomo.
Halafu siku moja ya mvua
sikusikia kitu.
Nikageuka. Baba alikuwa anatazama nje,
akijifanya hajaona.

Sasa tunashuka Kanaba, mimi na yeye.
Sukari imemla vidole viwili vya mguu wa kulia;
vilivyobaki, asema, ni kama vya jirani.
Mwaka wa sita huu hajashika usukani.
Ukungu umelala kwenye mianzi, lami inajikunja,
na panapofunguka, Muhabura na kofia yake ya wingu.
Kitufe kimewaka. Kona. Breki. Nne, tatu, vruum.
Kona. Tatu, mbili, vruum. Safi. Safi mno.
Ninaendesha kama karani anayepiga mihuri.

Nikatupa jicho chini, upande wake.
Kisigino, ndani ya soksi ya sufu,
kinagonga zulia.
Kila kona. Nusu pumzi kabla ya mashine.
Hapana pedali pale. Pana zulia la kijivu
na karatasi ya dawa iliyomdondoka,
na mguu usiojihisi, unaokumbuka.

"Linajua," akasema, bila kuniangalia.
"Huyo Mjapani amelifundisha vizuri.
Lakini halijawahi kukosea. Basi limejuaje?"

Ningeweza kumweleza: kompyuta husoma mwendo wa magurudumu,
husoma mkono unaelekea gia ipi,
hufungua mafuta kiasi, hufunga.
Nilikuwa nimeyasoma yote kwenye kitabu cha gari.
Nikanyamaza.

Kabla ya kona ya kulia, ile yenye duka la mbao na kreti za soda,
nikakizima.
Kidole kwenye breki. Kisigino kikatafuta mafuta,
kiatu kipya, pedali ngeni,
kikachelewa.
Gari likapiga kichwa kama beberu.
Karatasi ya dawa ikaruka. Mwenye duka akasimama.
Baba alishika dashibodi kwa mikono miwili,
akacheka mpaka akakohoa.

"Tena," akasema,
akainama
akavua soksi.